Amri ndogo katika shauri la kodi: je, inakatiwa rufani kabla shauri lenyewe halijaisha?

Swali, kutoka kwa Mhasibu wa Jumla

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya familia inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla, yaani marumaru, mabati na nondo, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikibeba jalada la mgogoro wetu wa kodi kutoka meza moja hadi nyingine. Sitataja jina la kampuni wala namba ya shauri, kwa kuwa jambo bado liko mbele ya Baraza la Rufani za Kodi hapa Tanzania na haifai kulijadili kwa majina. Ninachokitafuta hapa ni kuielewa sheria.

Mgogoro wenyewe unahusu kodi ya ongezeko la thamani tuliyolipa wakati wa kununua mzigo, ambayo tuliidai katika hesabu zetu na Kamishna wa Mamlaka ya Mapato akaikataa kwa sababu sehemu ya risiti za mashine za kielektroniki za kodi (EFD) hazisomeki. Kosa la risiti lilikuwa letu. Zilitunzwa ndani ya boksi la marumaru, juu ya kabati, chini ya bati, na anayezijua karatasi zile anajua joto linavyozifanya: unaitoa risiti unakuta karatasi nyeupe yenye kivuli cha kijivu, na pengine tarakimu mbili tatu za mwisho za jumla. Hata hivyo Bodi ya Rufani za Kodi, ambayo ni ngazi iliyo chini ya Baraza, ilitupa ushindi katika sehemu kubwa ya madai, na Kamishna akakata rufani Barazani.

Tangu hapo zimetoka amri tatu. Katika ya kwanza, tuliweka pingamizi la awali kwamba rufani ya Kamishna ilifunguliwa nje ya muda, Baraza likalitupa pingamizi na kuelekeza rufani isikilizwe. Katika ya pili, tuliomba kuleta ushahidi wa nyongeza, yaani nakala za miamala ambazo wauzaji wetu walizitoa kwenye kumbukumbu za mashine zao, na ombi likakataliwa. Ya tatu inahusu mwaka mwingine wa kodi, ambao tulishindwa mbele ya Bodi na tukachelewa kukata rufani. Tuliomba tuongezewe muda, tukakataliwa.

Mkurugenzi wetu, ambaye ni mjomba wangu, anataka amri zote tatu zipelekwe Mahakama ya Rufani mwezi huu huu, kwa hoja kwamba udongo uwahi ungali maji. Wakili wetu anasema mbili kati ya hizo haziwezi kukatiwa rufani kwa sasa, na moja tu ndiyo inayoweza. Mjomba anaona wakili ana woga. Naomba mwenye kujua anieleze: wakili yuko sahihi? Na ikiwa yuko sahihi, je, hoja zetu katika zile amri mbili ndizo zimekufa?

Jibu la kwanza, kutoka kwa Wakili wa Ilala

Ndugu Mhasibu, wakili wenu hana woga wowote. Amesoma sheria, na mjomba anapaswa kumshukuru kwa kumwepusha na gharama.

Tuanze na njia yenyewe. Rufani kutoka Baraza la Rufani za Kodi kwenda Mahakama ya Rufani imewekwa na kifungu cha 25 cha Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, ambacho kinasema mambo mawili ambayo watu wengi hulisoma la kwanza na kuliruka la pili. La kwanza ni kwamba rufani hiyo ni ya hoja za kisheria tu. La pili ni kwamba Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, pamoja na kanuni zake, zitatumika kwa rufani hizo kwa mabadiliko yanayohitajika. Ni katika hilo la pili ndipo mlango unapofungwa, kwa sababu Sura ya 141, kifungu cha 5(2)(d), inakataza rufani au maombi ya marejeo dhidi ya uamuzi au amri yoyote ya awali au ya njiani, isipokuwa pale amri hiyo inapokuwa na athari ya kulimaliza shauri. Katazo hilo liliingizwa na Sheria Na. 25 ya 2002, na hadi leo bado kuna watu wanaoshangaa kukutana nalo. (Namba za vifungu ninazozitaja ni za toleo ambalo wengi wetu tumelizoea, anayetumia Toleo la Marekebisho la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, ahakiki namba upya kabla ya kuandika chochote cha kuwasilishwa.)

Sasa, amri ipi inamaliza shauri na ipi haimalizi? Mahakama ya Rufani ilijibu swali hili katika shauri la Tanzania Motor Services dhidi ya Mehar Singh, Rufani ya Madai Na. 115 ya 2005, kwa kuazima kipimo cha shauri la zamani la Uingereza, Bozson dhidi ya Altrincham la mwaka 1903. Kipimo hicho hakiangalii uzito wa hoja, wala ukubwa wa fedha, wala uchungu wa aliyeshindwa. Kinaangalia amri kama ilivyotolewa: je, imezimaliza haki za wadaawa, yaani pande zinazoshindana? Ikiwa imezimaliza, ni amri ya mwisho. Ikiwa bado kuna jambo la kusikilizwa kati yao, ni amri ya njiani.

Mimi huwaambia wateja wangu watumie kipimo cha karani, ingawa si kipimo cha vitabuni. Uamuzi ukishasomwa, mtazame karani: anawapa tarehe nyingine, au anafunga jalada? Akiwapa tarehe, mara nyingi hamna rufani.

Katika amri yenu ya kwanza mlipewa tarehe. Pingamizi lilitupwa, rufani ya Kamishna ikabaki hai, na haki zenu juu ya ile kodi bado hazijaamuliwa na Baraza. Hiyo ni amri ya njiani bila ubishi. Jambo linalowaudhi watu ni kwamba pingamizi hilo hilo lingekubaliwa, Kamishna angekuwa na haki ya kwenda juu, kwa sababu rufani yake ingekuwa imefika mwisho. Kwa hiyo hoja moja, siku moja, mbele ya meza moja, inampa rufani mmoja na kumnyima mwingine. Mwanzoni nami niliona ni upendeleo. Lakini ukitafakari utaona kwamba aliyenyimwa bado ana kiti chake ndani ya chumba, na aliyepewa ametolewa nje.

Amri ya pili ni hivyo hivyo: ushahidi umekataliwa, shauri linaendelea.

Amri ya tatu ni tofauti kabisa. Ombi la kuongezewa muda lilikuwa shauri linalosimama lenyewe, na lilipokataliwa hakuna kilichobaki mezani. Ule mwaka wa kodi umefungwa na uamuzi wa Bodi unabaki ulivyo. Hiyo ndiyo inayoweza kukatiwa rufani, na hiyo ndiyo ambayo mjomba angepaswa kuikimbilia, kwa sababu taarifa ya rufani, yaani karatasi ya kutangaza nia ya kukata rufani, inatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa. Mkitumia wiki tatu kubishana juu ya zile mbili, mtajikuta mnaomba kuongezewa muda wa kukata rufani dhidi ya amri iliyowanyima kuongezewa muda. Nimewahi kuliona jalada la namna hiyo, na halikuwa jambo la kuchekesha kwa mwenye nalo.

Jibu la pili, kutoka kwa Mshauri wa Ziwa

Nakubaliana na mengi aliyoyasema Wakili wa Ilala, ila naona ameacha njia moja. Pale rufani inapokatazwa, sheria zetu huwa na njia ya marejeo, yaani mahakama ya juu kuliita jalada na kukagua kama kuna kosa la wazi. Kwa nini wasiende kwa marejeo katika hizo amri mbili za njiani? Rufani kutoka kwa Kamishna iliyofunguliwa nje ya muda ni kosa linalogusa mamlaka ya Baraza lenyewe, na mamlaka si jambo dogo.

Jibu la tatu, kutoka kwa Wakili wa Ilala

Mshauri, nilitarajia mtu angeliuliza hilo. Soma tena maneno ya katazo: yanataja rufani, kisha yanataja maombi ya marejeo. Bunge lilijua kwamba likifunga mlango na kuacha dirisha, watu wataingia kwa dirishani.

Na lilikuwa na sababu. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika shauri la Matsushita dhidi ya Charles George la mwaka 2001, kwamba taarifa ya rufani ikishawasilishwa ipasavyo, Mahakama Kuu inapoteza mamlaka ya kuendelea na shauri. Sasa fikiri kanuni hiyo ikitumika bila katazo lolote. Mdaawa anayetaka kuchelewesha hahitaji hoja nzuri; anahitaji amri yoyote ndogo iliyomwendea vibaya na karatasi moja ya taarifa ya rufani. Shauri linasimama, jalada linapanda juu, miaka inapita, linarudi chini, inatolewa amri nyingine ndogo, linapanda tena. Katika mashauri ya kodi hali hiyo ingeumiza pande zote mbili kwa zamu. Siku moja angeitumia mlipakodi ili asilipe, siku nyingine angeitumia Kamishna ili asirudishe.

Msisahau pia kwamba Sura ya 408 inalipa Baraza mamlaka ya kuisimamia Bodi, pamoja na kuita na kukagua majalada yake. Kwa hiyo neno marejeo si geni katika kodi, lakini hiyo ni ngazi ya chini. Huyu ndugu yuko ngazi ya Baraza na anatazama juu.

Kuhusu hoja ya mamlaka, Mshauri amegusa jambo la kweli ila amelielekeza kusikofaa. Ni kweli kwamba ukomo wa muda unagusa mamlaka. Ni kweli pia kwamba hoja ya mamlaka inaweza kuibuliwa hatua yoyote, hata kwa mara ya kwanza mbele ya Mahakama ya Rufani. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwa na subira: hoja ambayo haifi haina haja ya kukimbizwa. Kamishna akishinda mwishoni, sababu ya kwanza kabisa katika rufani yenu itakuwa kwamba Baraza lilisikiliza rufani iliyofunguliwa nje ya muda. Mkishinda ninyi, hamtakuwa na haja nayo.

Jibu la nne, kutoka kwa Mwanasheria wa Mombasa

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Naomba niwaongezee yaliyotokea kwetu, kwa sababu nahisi mjomba wa ndugu Mhasibu amekuwa akitazama habari za Kenya, na huenda huko ndiko alikopata imani kwamba kila amri ya muda katika jambo la kodi inaweza kupelekwa juu kesho yake.

Kwetu katazo halijaandikwa kwa ukali kama wa Tanzania. Agizo la 43 la Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010 linaorodhesha amri ambazo mtu anaweza kuzikatia rufaa bila kuomba ruhusa, na kwa zile zisizokuwemo anaomba ruhusa ya mahakama. Katika mashauri ya kawaida ya kodi, yanayoanzia kwenye jopo la rufaa za ushuru na kwenda Mahakama Kuu, rufaa ni ya hoja za kisheria tu na huwasilishwa ndani ya siku 30. Katika mkondo huo hatutofautiani nanyi sana. Mengi tunayoyaona yakipanda juu mapema ni yale ya kunyimwa muda, kama hiyo amri yenu ya tatu, kwa sababu yanafunga mlango.

Lakini uko mkondo mwingine, nao ndio ulioonekana kwenye televisheni. Tarehe 30 Juni 2023, siku moja kabla ya sehemu kubwa ya Sheria ya Fedha ya 2023 kuanza kutumika, Mahakama Kuu ilitoa maagizo ya muda ya kuisimamisha, katika ombi la kikatiba lililowasilishwa na Seneta Okiya Omtatah na wenzake. Sheria hiyo ilikuwa imepandisha kodi ya ongezeko la thamani kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara. Lile lilikuwa agizo la muda kabisa. Uhalali wa sheria ulikuwa bado haujasikilizwa. Serikali ilikwenda Mahakama ya Rufaa, na tarehe 28 Julai 2023 majaji watatu wakayaondoa maagizo yale wakisubiri rufaa isikilizwe.

Hapo mjomba angesema: si mnaona, amri ya muda imepelekwa juu na imeanguka! Ndiyo, lakini tazama kilichoombwa. Serikali ilitumia Kanuni ya 5(2)(b) ya Mahakama ya Rufaa, ambayo haiulizi nani ana haki. Inauliza kama rufaa ina hoja inayostahili kusikilizwa, na kama rufaa itabaki kuwa ganda tupu endapo agizo halitasimamishwa. Na katika mambo ya umma kama kodi, majaji huongeza swali la tatu, nalo ni maslahi ya umma. Hilo la tatu ndilo huelemea mizani kila kodi inapotajwa, na halielemei upande mmoja siku zote. Mwishoni mwa Novemba mwaka ule ule Mahakama Kuu ilipoamua kwamba ushuru wa nyumba ulikuwa kinyume cha katiba, serikali ilirudi kwa njia ile ile kuomba uamuzi usimamishwe. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa, safari hii ikiona kwamba maslahi ya umma yako upande wa wasioendelea kukatwa fedha kwa sheria iliyokwisha kutangazwa batili. Ni sheria ile ile na mahakama ile ile, na katikati ni miezi sita tu. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza hapakuwa na uamuzi wa msingi, na mara ya pili ulikuwepo.

Nami nina maoni yangu kuhusu agizo la Julai, ila nitayaweka kando, maana si swali lililoulizwa. Ninachotaka mkione ni namna amri za muda zisivyobashiri mwisho. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria yote tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo Agosti, na tarehe 29 Oktoba 2024 ikaubatilisha. Aliyeshangilia agizo la Juni 2023 na aliyeshangilia la Julai 2023, wote walikuwa wameshangilia mapema.

Hata kwetu, njia hii ina ukomo. Mwaka 2015, katika shauri la Tume ya Huduma kwa Walimu na chama cha walimu, KNUT, Mahakama ya Juu ilisema haitasikiliza rufaa dhidi ya maagizo ya Kanuni ya 5(2)(b), kwa kuwa ni maagizo ya hiari ya majaji yanayotolewa wakati rufaa yenyewe bado inasubiri. Kwa hiyo uhuru wetu ni wa ngazi moja, kisha nasi tunakutana na ukuta.

Nyongeza, kutoka kwa Mhasibu wa Jumla

Nawashukuru sana wote. Mjomba nimemsomea majibu haya jana jioni, na ni kweli kwamba habari za Nairobi ndizo zilizompa nguvu. Amekubali kwamba amri ya tatu ishughulikiwe kwanza, na taarifa ya rufani inaandaliwa.

Lakini kuhusu amri ya pili bado nina wasiwasi, na ni wasiwasi wa mhasibu. Hoja ya ukomo wa muda nimeelewa kwamba itaweza kungoja. Ushahidi je? Kama nakala za miamala hazikupokelewa, maana yake hazimo katika kumbukumbu za shauri. Tukienda Mahakama ya Rufani mwishoni, majaji watasoma kitu gani? Watasoma risiti nyeupe?

Jibu la tano, kutoka kwa Wakili wa Ilala

Swali hili lina thamani kuliko lile la mwanzo, na nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Mahakama ya Rufani haitakwenda kusoma miamala yenu ili iamue kama kweli mlinunua mabati kiasi gani. Hata nakala zile zingepokelewa, isingefanya hivyo, kwa sababu kifungu cha 25 kimeifungia kwenye hoja za kisheria. Risiti ilisomeka au haikusomeka ni suala la ukweli wa mambo, na limekwisha kuamuliwa ngazi za chini. Kwa hiyo mkiandika sababu ya rufani isemayo kwamba Baraza lilikosea kutoamini kwamba kodi ililipwa, mtakuwa mmeandika sababu inayotupwa siku ya kwanza.

Mnachoweza kupeleka juu ni namna ombi lilivyokataliwa. Je, Baraza lilitoa sababu za kukataa? Je, lilitumia kipimo sahihi cha kisheria kuhusu ushahidi wa nyongeza katika rufani, au lilikataa kwa sababu ambayo sheria haiitambui? Je, mlisikilizwa kabla ya kukataliwa? Hayo ni maswali ya kisheria, na haki ya kusikilizwa ni hoja ambayo Mahakama ya Rufani huipa uzito mkubwa kuliko hoja nyingi. Ikikubalika, kawaida matokeo yake ni jalada kurudishwa chini ili kasoro irekebishwe. Nasema haya mapema ili mjomba asije akadhani kwamba kushinda hoja hii ni kurudishiwa fedha.

Ili hoja hiyo iwepo mwishoni, lazima alama zake ziwepo sasa. Hakikisheni ombi lenu lilikuwa la maandishi lenye hati ya kiapo, na kwamba nakala zile ziliambatishwa kwenye kiapo hicho. Kama ziliambatishwa, basi zimo ndani ya jalada kama viambatisho vya ombi, hata kama hazikupokelewa kama ushahidi wa rufani, na majaji wataweza kuona ni kitu gani kilikataliwa. Kama ombi lilitolewa kwa mdomo siku ya kusikilizwa, na wakili akasimama na bahasha mkononi, ombeni mwenendo wa siku hiyo, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa, mapema na muusome mstari kwa mstari. Nimeona mashauri ambayo wakili anaapa kwamba alipinga, na mwenendo unaonyesha sentensi moja tu: "Hatuna pingamizi." Ukishakuta sentensi hiyo, hoja imezama.

Jambo jingine ni nakala ya uamuzi mdogo wenyewe. Ichukueni sasa, iliyosainiwa na kugongwa mhuri, msingoje hadi uamuzi wa mwisho. Katika kumbukumbu za rufani itatakiwa.

Jibu la sita, kutoka kwa Mshauri wa Ziwa

Nimesahihishwa kuhusu marejeo, nami nakubali; maneno ya sheria ni hayo yaliyotajwa.

Niongeze la upande wangu wa hesabu, kwa sababu mawakili huliruka. Wakati wadaawa wanabishana kama amri ndogo ina rufani au haina, riba ya kodi inayodaiwa haisimami. Inahesabiwa kila mwezi, na juu ya riba ya mwezi uliopita. Kwa hiyo kabla ya kuamua kupeleka lolote juu, Mhasibu aandae karatasi moja yenye safu mbili: kiasi kitakachodaiwa endapo shauri litamalizika Barazani mwaka huu, na kiasi kitakachodaiwa endapo litakaa miaka miwili zaidi kisha mkashindwa. Mimi niliwahi kumwandalia mteja mmoja karatasi ya namna hiyo. Alikuwa na hasira kama za mjomba, akaisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

Ninayo pia nasaha ndogo kuhusu zile risiti. Zile ambazo bado zina kivuli zipigeni picha leo, kila moja na tarehe ya kupigwa picha, na muwaombe wauzaji barua zinazothibitisha namba za risiti na tarehe za mauzo. Hata kama hazitaingia katika rufani hii, kuna ule mwaka mwingine wa kodi. Mkiongezewa muda, huko mtaanza upya mbele ya Baraza, na safari hii ombi la ushahidi mtalipeleka kwa kiapo tangu siku ya kwanza.

Nyongeza ya pili, kutoka kwa Mhasibu wa Jumla

Nimelifungua jalada asubuhi hii. Ombi la ushahidi lilikuwa la maandishi, kiapo nilikiapa mimi mwenyewe, na nakala za wauzaji zimeambatishwa kuanzia kiambatisho cha nne hadi cha kumi na saba. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba tuliziambatisha. Uamuzi mdogo una kurasa sita, na sababu za kukataa ziko katika aya mbili; wakili anasema moja ya aya hizo atairudia siku ya mwisho, ikibidi.

Taarifa ya rufani kwa ile amri ya tatu imewasilishwa leo, siku ya ishirini na sita. Boksi la marumaru nimeliteremsha.